Akiba Haiozi, Lakini Mana Ilioza



Katika nyumba zetu nyingi, kutoka Lubumbashi mpaka Bunia, kutoka Kindu mpaka Uvira, chombo hakifi siku ya kwanza. Bidoni ya manjano iliyokuja sokoni na mafuta ya kupikia inageuka kuwa ya maji. Kopo la maziwa ya mtoto linakuwa la chumvi. Kopo dogo la tomate linatiwa utambi na kuwa taa. Chupa ya sukre inabeba mafuta ya mawese. Mfuko wa unga unafuliwa, unashonwa, unapelekwa kutiwa makala. Ndoo iliyopasuka inajazwa udongo, na mama anapanda lengalenga ndani yake kando ya mlango.

Hili si jambo la kuona haya. Lakini ni jambo la kufikiri, kwa sababu ndani ya makopo hayo mna swali ambalo waamini wanabishana juu yake bila kulimaliza. Mmoja anasema: “Mtu anayejaza makopo kila siku hamwamini Mungu wa kesho.” Mwingine anamjibu: “Asiyetunza kitu anamjaribu Mungu.” Je, nani kati yao anasema kweli? Kutunza ni imani, au ni woga wenye nguo ya hekima?

1. Maandiko yanasema nini?

Wazee wetu walisema akiba haiozi. Lakini tunasoma katika kitabu cha Kutoka, sura ya 16, kwamba mana ilioza. Waisraeli waliambiwa waokote ya kuwatosha siku moja. Wengine hawakusikia, wakaiweka mpaka asubuhi, nayo ikaingia mabuu na kunuka. Ndugu yetu wa kwanza anashika habari hiyo na kusema: “Mwaona? Msiweke kitu.”

Lakini asifunge Biblia upesi. Katika sura hiyohiyo, siku ya sita watu waliokota mara mbili, wakaweka kwa ajili ya Sabato, wala haikuoza. Tena Haruni aliagizwa kujaza chombo kimoja kwa mana na kukiweka, ili vizazi vya nyuma vione. Basi ni mana ileile, jangwa ni lilelile, na vyombo ni vilevile. Moja ilioza usiku mmoja, nyingine ilidumu. Tofauti haikuwa katika chombo. Tofauti ilikuwa katika sababu ya kuweka. Wa kwanza waliweka kwa sababu hawakusadiki kwamba kesho kutakuwa na kitu. Wa pili waliweka kwa sababu walijua kesho kuna kazi gani.

Tuangalie pia Injili ya Yohana, sura ya 6. Yesu aliwalisha watu elfu tano, kisha akaagiza vipande vikusanywe visipotee, na vikapu kumi na viwili vikajaa. Mtu aliyeweza kupata mikate kwa neno lake hakuona ni aibu kuokota makombo. Lakini tazameni utaratibu wa siku ile: kwanza watu walikula wakashiba, ndipo vikapu vikaletwa. Hakuwaacha watu na njaa ili vikapu vijae. Tushike jambo hilo, kwa maana tutalihitaji mbele.

2. Je, uchumi wa maskini ni wema, au ni lazima tu?

Kuna mtu atasema: “Shemasi, usitupambie umaskini. Sisi tunatumia bidoni ya zamani kwa sababu hatuna feza ya kununua mpya. Mtu akilazimishwa, wema wake uko wapi?”

Neno hilo ni zito, wala hatuwezi kulikimbia. Ni kweli kwamba tajiri akila kidogo anasifiwa kwa kiasi chake, na maskini akila kidogo hakuna anayemsifu. Ni kweli pia kwamba mtu asiye na njia mbili hachagui. Tusimwambie mama mwenye njaa kwamba njaa yake ni fadhila. Huo ni uongo, na mbele ya Mungu ni dhambi.

Lakini tuangalie vizuri ni wapi lazima inakoma. Umaskini unaweza kukulazimisha kuokota bidoni. Hauwezi kukulazimisha kuiosha. Hapo ndipo uhuru wa mtu unapoanzia, hata mtu asiye na kitu.

Wale waliokuwa Goma mwezi wa Julai mwaka 1994 wanajua jambo hili. Wakimbizi karibu milioni moja waliingia kutoka Rwanda katika siku chache, na watu makumi ya maelfu walikufa kwa kipindupindu na kuhara damu. Ugonjwa huo haukwisha na mwaka ule. Unarudi mara kwa mara kando ya maziwa yetu, Kivu na Tanganyika. Nao unaingia nyumbani kwa mlango mdogo sana: mkono mchafu unaotumbukiza kikombe ndani ya ndoo wazi. Ndiyo sababu bidoni yenye shingo nyembamba na kifuniko, ambayo wengine wanaiona ni takataka ya mafuta, inalinda uhai kuliko beseni nzuri ya duka. Mkono haupiti shingoni. Maji yanamiminwa, hayachotwi.

Lakini hiyo ni kama bidoni ni safi. Watu wa Goma wamezoea kuona wahudumu kando ya ziwa wakitia kloro ndani ya bidoni za wachotaji. Kloro ile ina kazi yake, lakini ikikuta utelezi wa kijani ndani ya bidoni, inamaliza nguvu zake katika ule uchafu, na vijidudu vya ugonjwa vinabaki. Dawa ya utelezi haiuzwi kwa bei kubwa: mchanga, mawe madogo, sabuni na maji kidogo; unafunga, unatikisa kwa nguvu, unamwaga, unasuuza. Mtoto wa miaka kumi anaweza. Mama wawili wana bidoni zinazofanana, walizonunua siku moja kwa mwuzaji mmoja. Mmoja anatikisa mchanga kila juma, mwingine hapana. Umaskini wao ni mmoja. Mioyo yao haikufanya kazi moja.

Basi jibu letu ni hili: kukosa si wema, lakini namna ya kushika kile kidogo ulichonacho, hiyo ni ya kwako. Hakuna anayekuamuru, na hakuna anayeweza kukunyang’anya.

3. Kopo la feza na kopo la mbegu

Nchi yetu ilipewa somo gumu juu ya kutunza. Mwishoni mwa mwezi wa Desemba mwaka 1979, wakati wa Zaire, serkali ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 hazitumiki tena, nayo ikaweka siku chache tu za kubadilisha. Waliokuwa na noti ndani ya makopo, chini ya kitanda au katika shimo la shamba, mbali na banki, wengi walibaki na karatasi. Mwezi wa Oktoba mwaka 1993 ikaja zaire mpya: moja yake ilikuwa sawa na zaire za zamani 3,000,000. Mwaka 1998 ikaja franka ya Kongo: moja yake ilikuwa sawa na zaire mpya 100,000. Ukizidisha hesabu hiyo, franka moja ya mwaka 1998 ni zaire za zamani bilioni 300. Mtu aliyeanza akiba yake kijana, akaificha vizuri, asiibiwe, asiungue, asilowe mvua, alifungua kopo lake na kukuta hamna kitu. Hakufanya kosa lolote la uvivu.

Hatusemi kwamba kuweka feza ni vibaya. Lakini somo hili linatuonyesha kwamba kufunga kifuniko siyo kutunza. Wanawake wetu wa likelemba walilielewa mapema: feza iliyoingia mwezi huu ilitoka mwezi huohuo kwa mmoja wao, ikawa mbuzi, ikawa cherehani, ikawa karo ya mtoto. Waliiweka katika kazi na katika mkono wa mwenzao, siyo katika giza la kopo.

Sasa tuangalie kopo lingine, la mbegu za maharagi. Mama mwenye shamba upande wa Rutshuru au wa Kabare anajua kwamba wadudu wakiingia, maharagi ya mbegu yanabaki matundu matupu kabla ya mvua za mwezi wa tisa. Bidoni ya zamani, iliyo safi na kavu kabisa, inaweza kuyaokoa bila dawa. Kwanza maharagi yakauke vizuri. Ili kujua, tia konzi moja ya maharagi katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa mara nyingi, kisha iache itulie. Chumvi ikishikamana na ukuta wa chupa, maharagi bado yana maji, yarudishe juani. Yakiwa makavu, yamimine katika bidoni mpaka shingoni, usiache nafasi, funga kwa nguvu, wala usifungue-fungue. Wadudu waliofichama ndani watamaliza ile hewa kidogo iliyobaki na kufa.

Hapa mna jambo la kushangaza. Bidoni iliyojaa inatunza; bidoni nusu inaharibu, kwa sababu hewa iliyo juu ya mbegu inawalisha wadudu. Basi mwenye nusu afanye nini? Amwendee jirani mwenye nusu yake, wakajaze bidoni moja, wakubaliane siku ya kuifungua. Maharagi yenyewe yanatufundisha kwamba akiba ya mtu mmoja peke yake inaliwa na wadudu, na ya wawili inasalimika.

4. Chombo kisiseme uongo

Kutumia chombo mara ya pili kuna hatari moja kubwa kuliko zote: chombo kinabaki na sura ya jana wakati ndani kuna kitu cha leo. Na sisi watu wazima tunajua, lakini mtoto anasoma sura.

Katika miji yetu mama wengi wanapika sabuni nyumbani kwa mafuta ya mawese na sodi kostiki. Ni kazi ya heshima, imesomesha watoto wengi. Lakini sodi ikiisha kuyeyuka katika maji, macho hayaitofautishi na maji. Ikitiwa katika chupa ya sukre na kuwekwa chini ya meza, mtoto anarudi kutoka kucheza, jua ni kali, anaona chupa anayoijua, anakunywa. Funda moja linaunguza koo na njia ya chakula. Na akipona, njia ile inaweza kujifunga mpaka asiweze kumeza bukari. Mafuta ya taa na petroli vilevile vinauzwa katika chupa za kunywea. Mtoto akinywa vitu hivi, msimtapishe, wala msimshindilie mafuta ya mawese ili atapike, kwa maana dawa ikirudi inaunguza mara ya pili, na mafuta ya taa yanaingia mapafuni. Mkimbizeni kwa munganga pamoja na chupa yenyewe.

Je, mama yule alitaka kuua? Hapana. Alitaka kuokoa chupa. Lakini chupa ilimwambia mtoto uongo, na mtu mzima ndiye aliyeipa uongo ule wa kusema. Kusema kweli si kazi ya mdomo peke yake. Kweli inasemwa pia na kopo, na chupa, na rafu uliyoiweka juu mahali mkono wa mtoto haufiki. Basi sodi na petroli vikae katika chombo ambacho hakijawahi kubeba kitu cha kunywa wala hakitabeba kamwe, chenye alama ambayo hata asiyejua kusoma anaiogopa.

Na kuna vyombo ambavyo uchumi unakoma mbele yao. Chupa au bidoni ya dawa ya kuua wadudu wa shamba isitiwe maji, wala chumvi, wala mafuta, hata ukiiosha mara kumi. Plastiki yake imekwisha kunywa ile sumu. Hapo kutupa ndiko kutunza. Lakini usitupe hivihivi. Itoboe kwanza, kwa maana katika nchi yetu kila kinachotupwa kina mwokotaji, naye ni maskini kuliko wewe. Usiseme, “Imetoka kwangu.” Mungu atauliza imeingia kwa nani.

Tuongeze habari ya soko. Kopo likiisha kutumika nyumbani linakwenda kuwa kipimo. Ndugu zetu wa Lubumbashi wananunua unga kwa meka. Kwingine karanga na mchele vinapimwa kwa kopo la maziwa. Tangu siku hiyo kopo si lako peke yako. Ni lako na la mnunuzi. Anayegonga kitako cha kopo kwa nyundo mpaka kibonyee ndani, au anayeweka karatasi chini, anajiambia kwamba anajitafutia tu, maisha ni magumu. Lakini aliyepunguziwa naye ana maisha magumu. Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 25, ilikataza mtu kuwa na vipimo viwili, kikubwa na kidogo. Hakuna aliyetajirika kwa kitako cha kopo. Lakini wengi wamepoteza wanunuzi, na wengine wamepoteza zaidi ya hayo.

5. Nani anabana, na nani anatumia?

Sasa neno hili ni kwa akina baba, nasi mashemasi tukiwemo. Katika nyumba nyingi uchumi una mikono miwili isiyojuana. Mama anachuja mafuta ya kukaangia ili yatumike tena, anakata sabuni vipande vinne, anakunja kila mfuko wa plastiki na kuuweka. Jioni baba anaondoka na feza ya juma zima, anarudi bila kitu, kisha anauliza kwa nini sombe haina chumvi. Anamsifu mke wake mbele ya wageni kwamba ni mwanamke anayejua kutunza. Sifa hiyo ni nini? Ni kumsifu ng’ombe kwa sababu nira inamfaa.

Kiasi kinachobebwa na mtu mmoja ili mwingine asiwe na kiasi siyo uchumi wa nyumba. Ni unyonyaji wenye adabu. Baba anayetaka nyumba itunze aanze na mfuko wake mwenyewe, aweke feza mezani mbele ya mama, wahesabu wote wawili. Vilevile watoto wasifundishwe kutunza kwa fimbo, huku wakiona mkubwa anapoteza. Mtoto hasikilizi tunachosema juu ya chumvi. Anaangalia tunachofanya na feza.

Hapa ndipo tukumbuke utaratibu wa vikapu kumi na viwili. Watu walikula kwanza. Mama anayebana mpaka mtoto anayenyonya anakosa uji, wakati kopo la unga limejaa juu ya kabati “kwa siku ya taabu”, amegeuza utaratibu. Siku ya taabu imekwisha kufika, nayo inalia mgongoni mwake.

6. Kopo liwe na mlango

Basi tuwajibu wale ndugu wawili wa mwanzo. Mmoja anaogopa kukosa imani, mwingine anaogopa kukosa chakula. Maandiko hayakatazi kopo, wala hayabariki kila kopo. Yanauliza: je, kopo hili lina mlango wa kutokea? Uchoyo na utunzaji vinafanana siku ya kufunga kifuniko. Vinatofautiana siku ya kufungua. Mchoyo hajui siku hiyo. Anaisogeza mbele kila mara, mpaka kitu kinaoza au yeye mwenyewe anakufa. Anayetunza anaijua, au anamjua mtu ambaye kitu hicho kinamngoja.

Katika 2 Wafalme sura ya 4 tunamwona mjane mwenye deni, ambaye watoto wake walikuwa karibu kuchukuliwa utumwani. Elisha alimwambia aombe vyombo vitupu kwa majirani, tena visiwe vichache. Mafuta yakamiminika mpaka vyombo vikaisha, ndipo yakakoma. Mara nyingi tunahubiri juu ya yale mafuta. Leo tuwafikirie majirani. Hawakuwa na mafuta ya kumpa, wala feza. Walikuwa na vyombo vitupu ambavyo hawakuvitupa, na walipoombwa hawakuuliza, “Utavirudisha lini?” Muujiza ulipimwa kwa wingi wa vyombo vyao. Mtu asidharau kitu kitupu alichokitunza. Pengine si kwa ajili yake.

Tarehe 17 Januari 2002 mlima wa Nyiragongo uliteremsha moto mpaka katikati ya mji wa Goma, na tarehe 22 Mei 2021 ukateremsha tena. Moto ule haukuchagua nyumba ya mtunzaji na nyumba ya mpotevu. Ghala na makopo viliungua pamoja. Katika siku kama hizo mtu anajua kwamba kitu kilichobaki nyumbani kinaweza kwisha kwa saa moja, lakini mbegu uliyomgawia dada yako wa Minova mwaka uliopita bado iko, imezaa, na unaweza kwenda kuiomba bila haya. Kumpa jirani siyo kupunguza akiba. Ni kuweka ghala ya pili mahali ambapo moto wako haufiki.

Wapendwa, juma hili kila nyumba itoe makopo yake yote nje, juani. Yanayonuka yaoshwe. Yenye sumu yatobolewe. Yenye uongo yabadilishwe. Yaliyojaa yaulizwe: “Wewe unamngoja nani?” Na lile ambalo hakuna mtu nyumbani anayeweza kulijibia, lifunguliwe leo, ligawanywe kabla halijaingia mabuu.

Bwana na awape mkono unaojua kufunga na mkono unaojua kufungua. Amina.